Hedifoni ya omu 250 na volti moja

Kwa vijana wanaotengeneza biti majumbani hapa Arusha, kuna kauli imeshakuwa sheria: hedifoni ya omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) bila amplifaya, yaani kifaa cha kukuza sauti, ni hela imetupwa. Wauzaji wanaisema, maprodyuza wanairudia, na chalii wa Ngarenaro aliyejichanga miezi mpaka akaipata Beyerdynamic DT 770 Pro anaambiwa aanze kujichanga upya, safari hii kwa ajili ya kiboksi cha mfukoni cha "kuisukuma". Wapo wachache wanaosema kiboksi hicho mara nyingi hakihitajiki. Hao huchukuliwa kuwa wabahili, au watu wasio na sikio. Mimi naona hawajasikilizwa ipasavyo, kwa sababu ukikaa na kalamu na karatasi, hesabu inawapa haki kwa sehemu kubwa kuliko wanavyopewa.

Kauli ya wauzaji haikuzuka tu. DT 770 Pro ilitolewa kwa omu 32, 80 na 250, na karatasi za kiwandani zinaipa desibeli 96 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa miliwati 1 ya nguvu ya umeme. Maana yake, zikipewa nguvu sawa zinapiga sawa. Kinachotofautiana ni volti za kuifikia hiyo miliwati moja: ya omu 32 inahitaji volti 0.18, ya omu 80 volti 0.28, ya omu 250 volti 0.5. Simu hutoa volti, na zina kikomo. Kwa hiyo ukichomeka ya 32 kisha ya 250 kwenye tundu lilelile bila kugusa kitu, ya pili itakuwa chini kwa karibu desibeli 9. Tofauti hiyo kila sikio linaisikia, na hapo ndipo watu walipojenga imani kwamba omu nyingi ni kiu ya nguvu nyingi. Si kweli. Inachohitaji ni volti zaidi, na swali la kujiuliza kabla ya kutoa hela ni moja: volti ulizonazo tayari zinakufikisha wapi?

Chukua kifaa cha bei ndogo kabisa, ile adapta ya Apple ya kugeuza tundu la USB-C kuwa tundu la hedifoni, inayouzwa dola 9 Marekani. Toleo la huko hutoa volti 1 ikifunguliwa mpaka mwisho; la Ulaya limezuiwa kwenye nusu ya hapo. Volti 1 kwenye omu 250 ni miliwati 4, na miliwati 4 zinaipandisha hedifoni hiyo kutoka desibeli 96 hadi 102.

Tusiipite haraka hiyo 102. Ni kilele, yaani pale wimbo unapopiga juu kabisa, si wastani. Lakini hip hop na bongo fleva za siku hizi hubanwa sana kwenye mastaringi (hatua ya mwisho ya kukamilisha wimbo) ili sehemu za chini zikaribie za juu, na nyimbo nyingi wastani wake unakaa kama desibeli 10 tu chini ya kilele. Kwa hiyo chalii wetu, akiwa na adapta isiyozidi urefu wa kidole na hedifoni "isiyosukumika", anaweza kusikiliza kwa wastani wa desibeli 92. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Desibeli 83, saa 20. Desibeli 86, saa 10. Desibeli 89, saa 5. Desibeli 92, saa mbili na nusu, na hizo ni za wiki nzima. Kipimo cha shirika hilo huipa besi uzito mdogo kuliko sauti za kati, kwa hiyo kwa muziki wa besi nzito hesabu inalegea. Iongeze basi hata maradufu: bado prodyuza anayekesha na miksi Jumamosi moja ameshakula mgawo wa siku saba. Na huyu ndiye anayeambiwa akanunue nguvu zaidi.

Matangazo ya amplifaya za mfukoni hupenda kutaja wati 1 kwenye omu 32. Audio-Technica ATH-M50x, hedifoni inayopendwa sana na studio ndogo, ina omu 38 na desibeli 99 kwa miliwati. Wati 1 ndani yake ingekuwa desibeli 129. Huko hakuna muziki, kuna maumivu. Sehemu kubwa ya nguvu anayolipia mnunuzi haitatumika hata siku moja, na ikitumika kwa bahati mbaya itamdhuru.

Watetezi wa amplifaya hawakwami hapo. Wanasema suala si ukubwa wa sauti, ni ubora: besi inakaza, sauti inafunguka, waimbaji wanasogea mbele. Naamini kabisa kwamba wanasikia hivyo. Ila watafiti Fletcher na Munson walishapima mwaka 1933 jinsi sikio la binadamu linavyopokea besi hafifu sauti ikiwa chini, na linavyoipokea vizuri zaidi sauti ikipanda. Amplifaya ikiongeza desibeli 3 tu, besi itaonekana imenenepa hata kama saketi haikubadilisha kitu. Majaribio ya dukani karibu yote ninayoyaona hufanyika hivyohivyo: simu kwanza, kisha amplifaya ikiwa juu kidogo, kisha muuzaji anauliza, "Umeona tofauti, kaka?" Tofauti ipo, bila shaka. Usawazishe kwanza sauti ya pande zote mbili kwa kipimo, ndipo useme imetoka wapi.

Kuna sababu nyingine inayowapa wauzaji ushindi wasioustahili. Hapa mjini wengi tunatumia Android, na adapta hiyohiyo ya Apple ikichomekwa kwenye simu nyingi za Android hutoa sauti ya chini sana, kwa kuwa simu haipandishi kidhibiti sauti kilichomo ndani ya adapta yenyewe. Kijana anafungua sauti mpaka mwisho, anasikia kitu kinachonong'ona, anahitimisha kwamba omu 250 zimemshinda. Akiihamishia kwenye kompyuta, adapta ileile inapiga mpaka anaivua. Tatizo lilikuwa programu, naye ameshaelekezwa kununua chuma. Zipo adapta nyingine ndogo zisizo na kasoro hiyo, na zipo programu za muziki zinazowasiliana na adapta moja kwa moja na kulimaliza tatizo. Vyote hivyo ni nafuu kuliko amplifaya.

Upande unaoniumiza zaidi ni wa iafoni za kuziba sikio, kwa sababu huko amplifaya isiyofaa inaharibu kabisa. Nilikaa na kijana mmoja wa mtaa wa Sakina, chumba chake amekiwamba magodoro ukutani, amenunua amplifaya yenye nguvu "ili atulie". Akachomeka iafoni zake za bei ya kawaida. Kabla wimbo haujaanza, masikioni kulikuwa na shwaaa ya kudumu, kama redio iliyokosa stesheni. Akazungusha kitufe cha sauti kidogo tu kupita pale kinapowakia: sikio la kushoto likaanza kuimba, la kulia kimya. Akasogeza kidogo tena, la kulia likaja, na sauti tayari ilikuwa imezidi. Vitufe vya kuzungusha ndivyo vilivyo, mwanzoni kabisa kushoto na kulia havilingani, na amplifaya yenye nguvu nyingi inamlazimisha mwenye iafoni kuishi palepale mwanzoni. Nikamwambia, "Mdogo wangu, shusha hiyo swichi ya geini." Hakuwa na swichi hiyo ya kupunguza ukuzaji wa sauti. Toleo lake halina.

Shwaaa na kutolingana huko angalau unavisikia. Kibaya zaidi ni kile kinachopita kimya: ukinzani wa amplifaya yenyewe upande wa kutoa sauti. Iafoni zenye vipaza vingi ndani hazina idadi moja ya omu isiyobadilika. Zinaweza kuwa na omu 8 kwenye sauti fulani na omu 40 kwenye nyingine. Zikiunganishwa na amplifaya yenye omu 10, pale zilipo omu 8 zinapoteza desibeli 7, na pale zilipo omu 40 zinapoteza karibu 2. Pengo ni desibeli 5. Mtu huyo anamiksi mwimbaji akidhani sauti ya juu imezidi, anaikata, kisha wimbo unapigwa kwenye spika za daladala na umefifia. Amplifaya ingekuwa na omu 1, pengo hilo lingekuwa chini ya desibeli 1. Kanuni ya kazi ni kwamba ukinzani wa amplifaya usizidi moja ya nane ya ule wa hedifoni: omu 4 kwa hedifoni ya 32, omu 2 kwa iafoni ya 16. Adapta ya dola 9 ina takriban omu 1. Kwa kipimo hiki inazishinda amplifaya kadhaa zenye nguvu na bei mara nyingi zaidi, na ni jambo ambalo muuzaji halisemi.

Hata hivyo amplifaya zina kesi, na si ndogo. Kesi yake nzuri naiona kwa walimu wa kwaya wa Moshi kuliko kwa maprodyuza wa hip hop. Kwaya iliyorekodiwa kanisani bila kubanwa ina sehemu za kunong'ona na sehemu za kutikisa paa, na rekodi ghafi huachwa chini makusudi ili vilele visikwaruze. Wastani unaweza kukaa desibeli 30 chini ya kikomo. Hesabu yetu ileile ya 102 inakupa 72, na kama unatafuta mahali ambapo mwimbaji wa alto alivuta pumzi vibaya huku mvua inapiga bati, 72 haitoshi. Huyu anunue, na asionewe haya. Zipo pia hedifoni ambazo omu zake zinadanganya upande wa pili: HiFiMAN HE-6 ina omu 50 tu, lakini inatoa desibeli 83.5 kwa miliwati. Kufikia vilele vya 110 inataka miliwati zipatazo 450, volti kama 4.7, na hapo adapta haina la kusema. Na zile za omu 600, kama Beyerdynamic DT 880 ya toleo hilo, volti 1 inazifikisha kilele cha kama desibeli 98, chini ya ile 102 yetu.

Kuna na suala la miksa. Kiwango cha kimataifa IEC 61938 cha mwaka 1996 kilichukulia kwamba tundu la hedifoni lina omu 120, na bado zipo miksa zenye ukinzani mkubwa namna hiyo. Hedifoni ya omu 32 kwenye tundu kama hilo sauti yake inaweza kupotoshwa sana. Kuweka amplifaya ndogo yenye omu chini ya 1 katikati ni dawa halisi, na ajabu yake ni kwamba dawa hiyo haihusiani na wati hata kidogo. Tena amplifaya inayotumia betri yake haiunganiki na umeme wa ukutani. Aliyewahi kusikia mvumo wa laptopu ikiwa kwenye chaji, ukakoma alipochomoa chaja, anajua thamani yake.

Ukiziweka kesi hizo pamoja, utaona karibu zote zinamhusu mtu ambaye tayari anajua kwa nini sauti haimtoshi. Hazimhusu chalii wa Ngarenaro. Yeye hela ile ingemfaa zaidi kwenye pedi mpya za hedifoni, maana pedi zilizolegea huvujisha besi kuliko upungufu wowote wa volti, au kwenye kitambaa na pamba za kutuliza chumba.

Ambaye bado anataka kununua, namshauri apite kwanza kwa fundi redio mwenye mita. Pakua mlio wa hezi 50, ambao mita za kawaida huusoma vizuri. Ucheze kupitia amplifaya bila hedifoni, pandisha sauti mpaka mita isome milivolti 300 za AC. Kisha unganisha rizista ya omu 33 kati ya waya wa kushoto na wa ardhi, bila kugusa kitufe, usome tena. Ikibaki karibu na 290, amplifaya ina omu kama 1 na itafaa karibu kila kitu. Ikishuka hadi 230, ina omu 10, na hata iandikwe wati ngapi kwenye boksi, iafoni usizichomeke humo.