Paul Krugman: Mchumi Aliyechagua Upande

Paul Krugman aliaga safu yake katika gazeti la New York Times mwezi Desemba 2024, baada ya takriban miaka 25 ya kutetea siasa za kiliberali za Marekani kwa hoja za kiuchumi. Wapo wanaoona kwamba mshindi huyu wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2008 aliikopesha itikadi heshima ya taaluma yake.

Nadhani shutuma hiyo inasahau mwaka 2009. Rais Obama alipokuwa akiandaa mpango wa kuufufua uchumi, ambao ulipitishwa kwa dola bilioni 787, Krugman alionya mapema kuwa fedha hizo hazingetosha, na kufikia Oktoba ukosefu wa ajira ulikuwa umefika asilimia 10. Kipenzi cha chama asingemkosoa hadharani kiongozi wa upande wake, tena kwa hesabu ambazo yeyote angeweza kuzikagua. Kabla ya hapo alikuwa amepinga vita vya Iraq wakati ambapo kuvipinga kulikuwa na gharama.

Hata hivyo, wakosoaji wake hawakosi hoja. Mwaka 2005 Daniel Okrent, aliyekuwa na jukumu la kulichunguza gazeti hilo kwa niaba ya wasomaji, alimlaumu kwa kuteua takwimu zinazowafurahisha wafuasi wake. Mwaka 2021 Krugman aliamini kwamba mfumuko wa bei ungepita haraka. Juni 2022 ulifika asilimia 9.1, naye mwezi uliofuata akakiri kwamba alikosea. Kosa hilo ni la mchumi, kwani lilikuwa na sababu zake na lilipimika. Lililo zito zaidi ni la usiku wa uchaguzi wa 2016, ambao Donald Trump alishinda, Krugman alipoandika kwamba huenda masoko ya hisa yasingeinuka kamwe, kauli aliyoifuta siku chache baadaye. Hapo hasira ndiyo iliyosema kwa kinywa cha mtaalamu, na msomaji asiye mchumi hakuwa na namna ya kuitenganisha na utaalamu wenyewe.

Krugman ameeleza kwamba aliondoka kwa sababu, pamoja na mengine, wahariri walizidi kuingilia maandishi yake, na sasa anaandika kwa uhuru katika jarida lake la mtandaoni. Uhuru huo anaustahili, ila huko hakuna Okrent wa kumkosoa katika kurasa zilezile anazoandikia, mbele ya wasomaji walewale.