Askari wa Ami na Lita 36 za Sebuleni

Ami alimleta yule kitatange, samaki wa mwambani, nyumbani kwa kazi moja tu: kula aiptasia. Hizo ni anemoni, wanyama laini wa baharini wanaochoma, ndogo za rangi ya kahawia, zinazoingia kwenye tangi la samaki la maji ya bahari zimejificha kwenye mawe, na ukiikata moja, hata kipande kidogo kinaweza kuota. Aina hii ya kitatange, Chaetodon lunula, anazila kweli, na Ami akampa jina la Askari. Ana kinyago cheusi machoni. Hilo peke yake lingetosha kumnyima uaskari.

“Maji lita mia tatu na sitini, samaki mmoja,” Bibi alilalamika, “na jioni tunakwenda sokoni kununua wa kukaanga!”

Kitatange mgeni ni mgumu kula. Chakula cha vipande vikavu anakitazama tu. Dawa yake ni kome mbichi aliyefunguliwa, nyama ikiwa ingali imeshika gamba, awekwe juu ya jiwe ili samaki adonoe kama adonoavyo mwambani. Askari alidonoa, akanogewa, Ami akawa anampa mara tatu kwa siku. Sasa niambie, nani aliyeandaliwa kome atakwenda kutafuna kitu kinachochoma? Alikula minyoo ya mashungi. Alikula matumbawe laini, tena yale ya bei. Aiptasia alizipita kwa adabu, nazo zikanenepa kwa makombo yake.

Moja ikaota ndani ya tundu la bomba.

Tundu lenyewe ni la milimita 5, lakini ndilo linalolinda nyumba. Tangi la juu ni sentimita 120 kwa 50 kwa 60. Chini yake kuna la pili, 90 kwa 40 kwa 40, lenye maji hadi sentimita 25, yaani lita 90, na nafasi ya lita 54. Pampu hupandisha maji, na mdomo wa bomba uko sentimita 15 chini ya uso wa tangi la juu. Umeme ukikatika, maji hurudi kwa bomba lilelile, kama petroli inavyofyonzwa kwa mpira kutoka kwenye pikipiki. Tundu hutobolewa sentimita 2 chini ya uso: maji yakifika hapo hewa inaingia, mvuto unakatika, na zimeshuka lita 12 tu. Likizibwa, zinashuka 90, na 36 zisizo na nafasi chini zinamwagika sakafuni. Vali ya kuzuia maji kurudi ilikuwepo, lakini vali kwenye maji ya bahari ni mapambo. Chokaa na konokono wadogo huizuia isifunge.

Umeme ulikatika saa nane usiku. Bibi, kwa joto, alikuwa amelala mkekani sebuleni.

“Bahari imepanda!” Kimya kidogo. “Tena ni bahari kweli, nimeionja!”

Ami alitoka na tochi akampita mama yake, akaenda kumulika tangi. Askari, ambaye aina yake hutembea usiku, alikuwa macho, anazunguka kwenye maji yaliyobaki kama mkaguzi. Kilichosalimika sebuleni ni kebo ya soketi, iliyotundikwa ukutani mita moja juu, mahali pake hasa.

Lita 36 zilihitaji chumvi ya bahari gramu 35 kwa kila lita, jumla kilo 1.26.

“Chumvi si iko jikoni?” Bibi akauliza.

Ile ya jikoni haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha. Ami aliikoroga ya tangi kwa pampu ndogo umeme uliporudi, akangoja joto lifike nyuzi 25 na kipimo cha uzito wa maji, yakilinganishwa na maji yasiyo na chumvi, kisome 1.025, ndipo akamimina kidogokidogo.

Bomba hakulikwangua tangini. Angepanda mbegu upya. Alilitoa akaliloweka kwenye siki uani. Aiptasia zilizobaki maweni alizidunga kwa bomba la sindano, pampu zikiwa zimezimwa: uji mzito wa chokaa, mililita moja kwa kila moja, chache kwa siku, kwa sababu chokaa nyingi hupandisha ghafla pH, yaani kipimo cha asidi na alkali majini. Na chokaa safi, nyeupe, isiyo na manukato, ilikuwa imeshapatikana humohumo nyumbani.

Alasiri Bibi akafungua kijaluba chake cha tambuu.

“Askari analipwa kome,” akasema. “Na chokaa yangu ni mshahara wa nani?”