Daraja limeniharibia kazi

Mimi na daraja la Kigongo–Busisi hatusalimiani. Najua mtacheka. Mzee mzima, mwandishi wa habari tangu enzi za simu ya kukoroga, anawezaje kugombana na zege? Ngojeni kwanza.

Zamani ukitoka Mwanza kwenda Geita kwa njia ile, unafika Kigongo unakuta foleni. Kivuko kiko ng'ambo, Busisi, kinapakia. Kikirudi kinashusha lori la ndizi, kinashusha ng'ombe, kinashusha harusi nzima na matarumbeta yake. Watu wanalaani. Mimi nanunua yai la kuchemsha, namwomba binti azidishe kachumbari, nafungua daftari. Pale ndipo palikuwa ofisini kwangu.

Kwani mheshimiwa aliyekukwepa miezi mitatu, kila ukienda ofisini kwake unaambiwa yuko kikaoni, Kigongo angekwepea wapi? Mbele maji, nyuma lori la pamba. Hata akipewa nafasi ya kupanda kwanza, mtavuka pamoja tu, na joto la pale halijui itifaki, lazima ashuke garini. Namsogelea taratibu, yai mkononi: "Mheshimiwa, poleni na safari." Mmoja alinijibu swali la zahanati isiyo na dawa huku mbuzi wa watu anatafuna pindo la koti lake. Alijibu vizuri kweli, akili yote ilikuwa kwenye koti, akasahau kudanganya. Habari ikatoka ukurasa wa tatu. Mhariri kule Dar es Salaam akamkata mbuzi, eti nafasi haitoshi! Mpaka leo sijamsamehe.

Sasa wamejenga. Kilomita tatu juu ya maji, zaidi ya shilingi bilioni 700, kazi ilianza 2020, Rais Samia akalizindua tarehe 19 Juni 2025. Katikati ya hapo nimeandika "ujenzi unaendelea kwa kasi" mpaka kidole cha shahada kimeota sugu. Na niwe mkweli, sikuamini. Nimeshaandika miradi mingi "iko mbioni", nayo ikakimbia kweli, ikatokomea, hatujaiona tena. Hili likanigeuka, likakamilika. Lawama nilizokuwa nimeziweka akiba sina pa kuzipeleka.

Mama watoto kanisikia nanung'unika, kaweka mwiko chini. "Kwa hiyo ulitaka wagonjwa waendelee kukesha kwenye foleni?" Hapo sina jibu. Mgonjwa anatoka Sengerema anapelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, anafika Busisi anakuta kivuko kiko upande wa pili; nimewaona, nimekaa nao, na hakuna aliyekuwa anakula yai. Halafu mwanzoni mwa 2025 magugumaji yakatanda pale, nahodha anazunguka na kivuko chake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sawa, daraja lilihitajika. Nimekubali. Lakini mtu akiondolewa ofisi si hupewa hata barua?

Wiki iliyopita nimepita na haisi. Nimefungua daftari, nimeipapasa kalamu mfukoni, imekutwa kwenye mfuko wa pili, kunyanyua macho tuko Busisi. Katikati ya daraja msafara ulitupita, magari meusi, vioo vyeusi, vuuu! Nani alikuwemo? Anakwenda wapi? Zahanati ina dawa siku hizi? Ukurasa wangu wote umeandikwa neno moja: "Msafara."

Vijana wa kijiwe cha kahawa Kirumba wananionea huruma. "Mzee, unahangaika nini? Siku hizi waziri anaposti mwenyewe." Kweli, anaposti. Nimeoneshwa. Kapendeza, anakabidhi kitu, nyuma watu wanapiga makofi. Nimeivuta ile picha kwa vidole viwili nikaikagua kona zote. Mbuzi hayumo.

Basi juzi nikajipa safari ya Kamanga. Kule sina ndugu wala shamba, nimekifuata kivuko. Nimekata tiketi, nimepanda, nimevuta pumzi: harufu ya dagaa na dizeli, moyo ukatulia. Nikatafuta benchi lenye watu ili wanipe habari. Wote wameziba masikio kwa nyaya, wameinamia simu kama wako kwenye sala. Aliyebaki huru ni mama mmoja mwenye kikapu, na ndani ya kikapu kuku anachungulia.

"Mwangaluka, mama."

Akaitikia kwa mbali, macho kwenye daftari langu. Nikatoa kalamu nikamuuliza, kwa upole wote niliojifunza miaka ile Kigongo, biashara inakwendaje na maisha wanayaonaje huko kwao.

Akakivuta kikapu upande wa pili. "Baba, wewe ni wa mikopo ya kausha damu?"

"Hapana, mama, mimi ni mwandishi."

"Si ndiyo nyie. Mnaandika, kesho mnakuja kubeba masufuria." Akainuka, kikapu kwapani. "Jina langu sikwambii. Na huyu kuku si wangu."