Mtoto naye anastahili dawa iliyopimwa kwake

Nimesoma makala kuhusu utafiti wa dawa kwa watoto, inayosema wazazi wengi wanakataa watoto wao waingizwe kwenye utafiti wa tiba, wakiogopa "kufanyiwa majaribio". Naielewa hofu hiyo, mimi pia ni mzazi. Ila mtoto asipokuwa kwenye utafiti anajaribiwa vilevile, tena bila mtu wa kuandika matokeo. Nani hajawahi kukata kidonge cha mtu mzima kwa kisu, nusu moja ikatoka kubwa kuliko nyingine, kisha akaisaga kwenye kijiko?

Chukueni utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011. Ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 waliofika hospitali na homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika (wa kuharisha hawakuhusishwa). Iliaminika kwamba kuwapa maji mengi ya dripu harakaharaka kunaokoa. Kumbe! Ndani ya saa 48, waliopewa walifariki kama 10 na nusu kwa kila 100. Wasiopewa, 7 na kidogo. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati. Na wote waliokuwa wakifungulia dripu hizo walikuwa na nia njema kabisa.

Mwandishi wa makala hiyo angegusia pia fomu ya ridhaa, ile mzazi anayosaini kukubali mtoto aingie kwenye utafiti. Kurasa juu ya kurasa, na mama amepakata mtoto anayechemka. Asomewe kwa lugha yake, taratibu, na aambiwe waziwazi kwamba anaweza kujitoa siku yoyote na mtoto ataendelea kutibiwa.