Mfuko wa mche na bakteria wanaonenepa

Kwenye vitalu vya kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, mche hukabidhiwa mnunuzi ndani ya mfuko mweusi wa plastiki. Akifika nyumbani anauchana kwa wembe, mara nyingi na vijizizi vikikatika, anapanda, na mfuko unabaki matopeni. Serikali imeahidi miti bilioni 15 kufikia 2032. Tuseme kila mti unaanzia mfukoni, na kila mfuko una gramu 2 tu: hizo ni tani 30,000 za plastiki, kwa jina la kutunza mazingira. Hesabu hiyo inaninyima usingizi. Ndiyo maana nataka mifuko hiyo itengenezwe kwa PHB, plastiki inayoundwa na bakteria waliolishwa sukari, kwa mfano ya molasi, yaani masalia mazito ya kiwanda cha sukari.

Wanaobeza plastiki ya bakteria wana hoja. Molasi si taka: mfugaji wa Kiambu huinyunyizia majani makavu ili ng'ombe wale, na viwanda vya spiriti huigombea. Kilo moja ya plastiki hii hula kama kilo tatu za sukari. Ongeza umeme wa kupuliza hewa kwenye matangi na kazi ya kuipasua seli, na bei inakuwa mara kadhaa ya polithini.

Ila hesabu yao ni ya mfuko wa dukani, ambao Kenya iliupiga marufuku Agosti 2017. Mfuko wa mche ni jambo jingine kabisa. PHB, iliyotambuliwa na Maurice Lemoigne huko Ufaransa mwaka 1926, ni akiba ya chakula ya bakteria. Wape sukari tele, wanyime nitrojeni, nao huacha kuzaana wakanenepa, hadi akiba ifikie hata asilimia 80 ya uzito wao mkavu. Na kwa kuwa ni chakula, vijidudu vya udongo wenye unyevu huila bila kulazimishwa. PLA, plastiki ya sukari ya mimea inayosifiwa nayo kuwa inaoza, hutaka mboji ya kiwandani yenye joto la karibu nyuzi 60. Ukiitupa kwenye jalala la Dandora itakaa. Mfuko wa PHB unazikwa pamoja na mche, wembe ukae mfukoni.

PHB tupu hupasuka upesi, kwa hiyo huchanganywa. Hilo lina dawa. Molasi ndiyo inayonisumbua. Ukigawa tani zile kwa miaka 10, zinahitajika tani 9,000 za sukari kila mwaka, sawa na molasi tani 18,000 hivi, nami sitaki ng'ombe wapunjwe wakati wa kiangazi. Ningeanza na maganda ya viazi kutoka vibanda vya chipsi vya Nairobi: wanga wake hugeuzwa sukari, na asubuhi maganda hayo hurundikwa mlangoni yakisubiri mkokoteni.