Tafadhomar

Kwenye ukoo wetu mimi ndiye mtu wa kompyuta, cheo nilichopewa siku nilipomrekebishia Ami saa ya simu yake. Kwa hiyo Omar alipotaka kuoa, hakuna aliyeniuliza kama naweza kutengeneza kadi. Waliniuliza tu zitakuwa tayari lini.

Kazi yenyewe nyepesi. Kadi ya kaka yake, Ali, aliyeoa mwaka juzi, nilikuwa bado ninayo kwenye laptopu. Nikabadilisha tarehe, nikabadilisha jina la bibi harusi, nikabakiwa na jina la bwana harusi. Hapo ujuzi ukanipanda kichwani. Jina lipo mara mbili tu, herufi tatu, lakini kufuta kwa mkono niliona ni kazi ya watu wasiojua. Nikabonyeza Ctrl na H, kikafunguka kile kidirisha cha Word cha kutafuta na kubadilisha. Juu nikaandika ali, chini omar, kwa herufi ndogo maana uvivu ni uvivu, nikabonyeza kitufe cha kubadilisha zote kwa mpigo. Nikajibiwa kwamba imebadilisha mara 9.

Tisa! Nikasema, mashine hodari hii.

Mtu atauliza macho yangu yalikuwa wapi. Kamusi ya Word yangu ni ya Kiingereza. Nikiandika Kiswahili, ukurasa mzima unapigwa mistari myekundu kama daftari la mtoto mtoro. Neno zima linapigwa mstari, neno bovu linapigwa mstari. Nilishaacha kuitazama zamani.

Nikachapisha karatasi moja ya mfano, nikampelekea Ami barazani kwake Malindi. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, kama yuko juu ya mimbari:

"Harusi ya Omar. Familia ya Momarndi inayo furaha kukuomarka..."

Akanyamaza. Akageuza karatasi kutazama nyuma, hakuna kitu. Akairudia mbele, sasa polepole: "...katika karamu ya womarma wa kijana wao Omar, Mungu akijaomara. Mahomar: nyumbani. Tafadhomar njoo na mwomarko huu."

"Hichi Kireno?" akaniuliza.

Ndani Bibi akasikika: "Mie nilisema watu waendewe majumbani, waambiwe kwa mdomo."

"Na hiyo programu," Ami akaendelea, "kitabu chake umekisoma?"

"Ami, programu za siku hizi hazina kitabu. Unaingia tu, unaelewa."

"Cherehani ya bibi yako ilikuja na kitabu. Na cherehani ina sindano moja."

Nilibishana naye, na mpaka leo sijakubali yote. Kitu kikihitaji kitabu ndipo kifunguke, aliyekitengeneza ndiye hakumaliza kazi. Baadaye niligundua kwamba dawa yangu ilikuwepo siku zote, visanduku viwili vya kutia alama: kimoja cha kutafuta neno zima peke yake, kingine cha kutofautisha herufi kubwa na ndogo. Lakini vyote vimefichwa nyuma ya kitufe kilichoandikwa "zaidi". Nani anabonyeza zaidi? Kwetu zaidi husemwa kwenye pilau. Nilibonyeza F1 kuomba msaada, msaada nao ukataka intaneti, na bando langu lilikwisha tangu adhuhuri.

Steshenari ya Darajani inafunga Magharibi. Nikakata shauri kuirudisha kadi kwa njia ile ile niliyoiharibia: juu omar, chini ali, kubadilisha zote. Tisa tena. Safari hii nilikagua kama mwalimu wa chuo na ubao wa mtoto. Malindi, ipo. Kukualika, ipo. Walima, akijaalia, mahali, tafadhali, mwaliko, neno baada ya neno, kidole juu ya kioo. Hakuna hata moja lililopinda. Nikachapisha kadi 150 kwenye karatasi ngumu ya krimu, vijana wakazigawa usiku ule ule baada ya Isha, wakianzia nyumba za jamaa.

Asubuhi, chai sijaimaliza, simu ikalia. Ni Ali.

"Yakhe," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha chooni, "mke wangu yuko mlangoni na sanduku. Kashika kadi. Anataka kujua huyo mwanamke wa Jang'ombe nimemposa lini."

Nikajaribu kuikumbuka ile kadi, mstari kwa mstari.

"Lakini tafadhali," nikamuuliza, "imekaa sawa?"