"Dawa ya epijenetiki" kwa uvimbe upi?

Kila ninaposoma kwamba kimeng'enya kingine cha epijenetiki kimepatikana cha kulengwa katika tiba ya uvimbe wa ubongo, huwa nauliza kwanza: uvimbe upi?

Vimeng'enya hivi havigusi herufi za DNA. Kazi yao ni kubandika na kubandua alama za kikemikali kwenye DNA na kwenye histoni, protini ambazo DNA hujizungushia, na alama hizo huchangia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Wazo la kuvizuia linavutia, maana alama hufutika. Jeni iliyoharibika haifutiki. Ndipo zikajaribiwa dawa kama vorinostati, inayozuia vimeng'enya vinavyobandua alama za asetili. Kwa glioblastoma, uvimbe mkali wa ubongo, matokeo yalikuwa hafifu. Sishangai. Vimeng'enya hivyo vimo kwenye seli nzima na mbovu vilevile, na mgonjwa huishia na uchovu na upungufu wa chembe za kugandisha damu.

Sasa tazama IDH1. Hitilafu ya jeni hii iliripotiwa mwaka 2008 katika glioblastoma, kisha ikaonekana kwamba imejaa zaidi kwenye glioma (kundi la uvimbe wa ubongo ambalo glioblastoma imo) zinazokua polepole. Kimeng'enya chake wala si cha epijenetiki, ni cha umetaboli! Lakini kikiharibika hutengeneza 2-hidroksiglutareti kwa wingi, kemikali inayovibana vimeng'enya vya TET, vinavyosaidia kuondoa metili (alama nyingine ya kikemikali) kwenye DNA, na vile vinavyoibandua kwenye histoni. Metili zinarundikana, seli inashindwa kukomaa. Dawa iitwayo vorasidenibu inaziba chanzo hicho, na iliundwa makusudi ipenye hadi kwenye ubongo. Katika jaribio la INDIGO, lililochapishwa 2023, wagonjwa wa glioma ya daraja la 2 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji tu walipata muda wa kati wa miezi 27.7 bila ugonjwa kuendelea. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, miezi 11.1. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Agosti 2024.

Haiponyi, na anayeiita muujiza anawapotosha wagonjwa. Ila imewafikia walengwa wake, kwa sababu hakuna aliyeimeza kabla uvimbe wake haujapimwa jeni.

Wakati huohuo, kwenye glioma za watoto zenye hitilafu ya H3K27M, kilichoharibika ni histoni yenyewe. Inakibana EZH2, kimeng'enya kinachobandika metili, na alama zake zinapungua badala ya kurundikana. Jaribio linalowaweka wagonjwa hawa na wale wa IDH1 kwenye kundi moja, eti wote ni "epijenetiki", mimi nisingelipitisha.